Kizibo cha Mashua ya Mama

Tulipokuwa tunagawana vitu vya marehemu mama, mdogo wangu Sefu alitoa kipande cha shaba kilichofungwa kwenye kitambaa cha kanga, chini kabisa ya sanduku la bati. Upande mmoja kina hesi za kukazia, upande mwingine kina masikio mawili ya kushikia. Sefu akakigeuzageuza, akasema labda ni cha jiko la mafuta. Nikamnyang'anya. "Hiki changu," nikasema, na sauti ilitoka kali kuliko nilivyokusudia, maana shangazi zetu wote waligeuka kunitazama. Nikawaambia vingine wachukue, vikombe, mkeka, hata ile saa ya ukutani, mimi sina neno. Kile kipande kilikuwa bado kinanuka mafuta ya kondoo na nyuzi za mkonge. Nikaenda nacho uani, nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nikalia peke yangu.

Enyi wa rika langu, mnakumbuka kuhamia vijiji vya ujamaa. Sisi tulikuwa bondeni, mbele kidogo ya Sindeni, nyumba moja hapa na nyingine kule, kila mtu na kijito chake. Tukahamishiwa juu, kando ya barabara ya Handeni, nyumba zikajengwa safu kwa safu. Tulipata shule. Tulipata ghala la kijiji, jengo pekee lenye paa la mabati. Hatukupata maji. Bwawa lilikuwa mbali kiasi kwamba mtu akitoka alfajiri anarudi jua limekwisha kuwaka, na maji yenyewe yana rangi ya chai ya maziwa. Ukiyaacha yatulie, chini ya ndoo unakuta tope vidole viwili.

Baba alikuwa ameondoka. Alikwenda Tanga kupakia meli bandarini, kisha ikaja habari kwamba amepanda meli mojawapo, kisha habari zikakatika. Nyumbani tukabaki mama, mimi, Sefu ambaye bado ananyonya, na bibi mzaa mama. Halafu bibi akaanguka na kuumia nyonga, asiweze kuinuka kitandani. Mama alipaswa kwenda shamba la kijiji. Nani achote maji? Nilikuwa darasa la tatu, nasoma vizuri, nisijisifu bure, mwalimu alikuwa ananisimamisha niwasomee wenzangu. Mama akanitoa shule.

Alinichukua mwenyewe mpaka kwa mwalimu. "Mwalimu," akasema, "simtoi kwa kupenda. Usimkate jina. Nikipata maji karibu na nyumba namrudisha."

Mwalimu alikuwa kijana mwenye huruma, ila daftari lake halikuwa na huruma. "Mama Mwanaidi, nitamwacha humu mpaka siku shule inafungwa. Asipoonekana kabla ya hapo, nafasi yake inakwenda kwa mwingine. Nina watoto wanasoma wamesimama."

"Ataonekana," mama akasema.

Basi kila asubuhi nikawa nakutana na wenzangu njiani, wao wanakwenda na madaftari, mimi narudi na ndoo kichwani. Maji yakinimwagikia shingoni, mkono wa kulia umeishika ndoo mpaka bega linakufa ganzi. Nilijifunza kutazama chini tukipishana. Ilikuwa inaniuma, na nilimkasirikia mama, na nilimkasirikia bibi kwa kuanguka. Mtoto ana roho mbaya akionewa.

Siku moja ikaja habari kutoka Korogwe kwamba kwenye shamba moja la mkonge kuna mzungu anaondoka, anauza kila kitu chake. Mama alikuwa na wenzake wanane waliolima ufuta kwa pamoja, wakamtuma aende akanunue mapipa matupu ya kuwekea maji. Akanichukua mimi, kwa sababu mama hakujua kusoma na aliogopa kudanganywa na vibao vya mjini. Bibi na Sefu wakaachiwa jirani awaangalie. Tulidandia lori la mihogo mpaka Korogwe.

Mapipa yalikuwa yamekwisha nunuliwa yote. Mzungu mwenyewe, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Spana kwa sababu hakutembea bila spana mfukoni, alikuwa amekaa kwenye kreti anauza vijiko. Mama akasema haya, turudi. Lakini nyuma ya karakana kulikuwa na kitu kikubwa kimesimamishwa juu ya magogo, cha chuma, kilichopakwa rangi nyeupe, kimechongoka mbele, kinatuzidi kimo mara mbili. Ubavuni kilikuwa na ubao wa tangazo. Mama akanisukuma begani. "Soma."

Nikasoma kwa sauti ya darasani. "Inauzwa. Mashua ya chuma yenye matanga. Imetumika. Imevuka bahari kubwa mara mbili. Haijawahi kuvuja."

"Rudia hapo mwisho."

"Haijawahi kuvuja."

"Hata tone?"

"Tone halijaandikwa, mama."

Nakumbuka alivyoizunguka ile mashua polepole, anaigonga na kifundo cha kidole kama mtu anayechagua chungu sokoni. Bwana Spana akaja, na Kiswahili chake cha karakana. "Mama nataka mashua? Handeni hapana bahari."

"Bahari sijaiulizia," mama akasema. "Nauliza, inavuja?"

Mzungu akacheka kidogo, lakini alimjibu kwa heshima. Akatueleza kwamba yeye na mkewe walikuja nayo kutoka kwao mpaka Tanga, miezi na miezi juu ya maji, wakilala humo, wakipika humo. Akapata kazi kwenye mkonge, akaipandisha huku ili mafundi waitengeneze mahali ambapo chumvi haifiki. Mkewe akafariki. Yeye hakutaka tena kuipanda peke yake. Waliokuja kuitazama kutoka Tanga walitaka kuikata wauze chuma.

Akatupandisha ngazi tukaingia ndani. Hapo ndipo akili yangu ilipopotea. Kulikuwa na jiko lililoning'inizwa, ukiligusa linabembea. Kulikuwa na kabati zenye vitasa vidogo. Na kulikuwa na vitanda. Nilivihesabu. Viwili vipana kidogo, na kimoja kifupi puani, mbele kabisa. Vitatu.

Tulipotoka, Bwana Spana akainama chini ya tumbo la mashua, akamwonyesha mama kizibo cha shaba, akakifungua na kukifunga. "Juu ya nchi kavu nafungua, maji ya mvua natoka. Baharini nafunga sana. Hii kama napotea, kwisha. Bila hii, mashua hapana kwenda popote."

Haya ndiyo maneno niliyoondoka nayo.

Bei aliyoitaja kwanza sitaiandika, maana mama hakuisikiliza. Alimwambia kuna magunia ya ufuta nyumbani, ya akina mama tisa, na kwamba ndege atakayoondoka nayo haipakii mashua. Walibishana mpaka jua likageuka. Mwisho mzungu akakubali, akauliza, "Mama nafanya nini na hii?"

"Itajulikana," mama akasema.

Hapa nieleze jambo la nyumbani kwetu. Bibi alikuwa na mwiko wake na mama aliushika: mvua ikiwa inangojewa, hutamki unaingoja kwa ajili gani. Hata tukianika chungu nje kuikingia, hatusemi tunakinga maji, tunasema chungu kinapunga upepo. Mvua ikisikia mipango ya watu inapita mbali. Ukimuuliza mama wakati wa mawingu anachimba mfereji wa nini, anajibu "itajulikana" na kuendelea kuchimba. Isitoshe, nani enzi zile alimweleza mtoto shughuli za watu wazima? Mtoto alitumwa, hakuelezwa.

Basi mimi nikajieleza mwenyewe. Baba yuko baharini. Mama ananunua mashua ya baharini. Vitanda vitatu: cha mama, cha baba akipatikana, na kile kifupi cha Sefu. Mimi nimetolewa shule ili nizoee kukaa na bibi. Hesabu ilitoka sawasawa, haikubaki hata moja. Njia nzima ya kurudi sikusema neno, na mama akadhani nimechoka.

Siku mashua ilipofika, juu ya trela la trekta la mkonge, watu walitoka mashambani kushangaa. Wanaume walivuta kwa kamba, wakaiteremsha juu ya magogo ya mninga ubavuni mwa ghala. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mnene aliyependa maneno, akaizunguka mikono nyuma.

"Mama Mwanaidi! Nuhu aliambiwa na Mungu. Wewe umeambiwa na nani?"

"Nimesomewa na mwanangu," mama akajibu, na watu wakacheka, lakini yeye hakucheka.

Wakaenda pembeni kuongea, mama, Mwenyekiti na wale akina mama wanane. Sikusikia waliyosema. Nilisikia tu Mwenyekiti akimalizia kwa sauti, ili kila mtu ajue: "Ghala ni la kijiji, nimewapa. Lakini mvua zikiisha na kitu hiki hakijafaa, nakikata kinakuwa majembe!"

"Kikate," mama akasema. "Lete na msumeno kabisa uuweke hapo karibu."

Wiki zilizofuata akina mama waliisugua ile mashua kwa jivu na mchanga mpaka harufu ya dizeli ikaisha. Waliziba kila tundu la bomba. Waling'oa kabati na lile jiko la kubembea, lakini vitanda wakaviacha kwa sababu vilikuwa vimeshikana na mbavu za chuma. Mama akasokota nyuzi za mkonge, akazipaka mafuta ya kondoo, akazizungushia kizibo, akakikaza mpaka mishipa ya mkono ikamtoka. Mimi nikisimama na ndoo yangu nilikuwa naona jambo moja tu. Wanaitengeneza kwa safari.

Wakati huo huo shule ilikuwa inakaribia kufungwa. Nilimsikia mwalimu akimwambia mama dukani, "Bado siku kumi na mbili." Mama akasema, "Naziona." Nikasema moyoni, anahesabu siku za kuondoka.

Kazi yangu niliifanya mchana kweupe, akina mama wakiwa shambani. Nikatambaa chini ya mashua na jiwe. Niligonga masikio ya kizibo, nikagonga, kikagoma, nikalia kwa hasira, nikagonga tena, kikalegea. Nikakizungusha mpaka kikaangukia kifuani kwangu, kizito, cha moto kwa jua. Nikakipeleka nyumbani, nikakizamisha kwenye kibuyu cha mbegu za maboga kilichokuwa chini ya kitanda cha bibi.

"Unatafuta nini huko?" bibi akauliza.

"Mbegu, bibi."

"Mbegu mvua haijanyesha? Haya."

Usiku ule nililala vizuri kuliko siku nyingi. Nilikuwa nimemzuia mama asiondoke.

Siku nne zikapita. Ya tano, mawingu yakapanda kutoka upande wa Usambara, meusi, yamejaa. Akina mama wakaacha majembe shambani wakaja mbio. Nikawaona wakitoa nyuma ya ghala vitu nisivyowahi kuviona: mlingoti wa mashua, uliokuwa mtupu ndani, fundi mmoja wa Korogwe alikuwa ameupasua katikati ukawa mifereji miwili mirefu. Wakaipandisha chini ya kingo za mabati, wakaifunga kwa kamba, ncha zake wakazielekeza kwenye mlango wa juu wa mashua. Tanga wakalikunja tayari pembeni, la kufunikia. Nikasimama pale na ndoo mkononi. Bado sikuelewa. Kisha mvua ikashuka.

Ilishuka kwa kelele juu ya mabati, maji yakakimbilia mifereji, yakaingia ndani ya mashua yakinguruma. Akina mama wakapiga vigelegele. Mama Zuhura, mnene kuliko wote, alikuwa anacheza kwenye matope. "Maji mlangoni! Jamani, maji mlangoni!"

Ndipo nilipoelewa. Nilielewa yote kwa mara moja, mashua na mifereji na zile siku kumi na mbili. Na kabla sijapumua, mmoja akapiga ukelele mwingine, wa namna tofauti. Chini ya mashua maji yalikuwa yanatoka, unene wa mkono, yanakata njia kwenye udongo yakienda zake barabarani.

Mama alijitupa chini akatambaa. Nikamwona akipapasa, akakuta tundu liko wazi, akalikandamiza kwa kiganja. Maji yakampiga usoni. Akavua kanga ya juu akaisokomeza, yakaitapika. "Kizibo!" akapiga kelele. "Nani kaona kizibo?" Wenzake wakaanza kuwashuku watoto wa fulani na fulani. Mwenyekiti, amejikinga chini ya kingo za ghala, akatikisa kichwa. "Si nilisema? Si nilisema mimi?"

Nilitupa ndoo nikakimbia. Sijawahi kukimbia vile tena maishani. Nilianguka mara mbili. Nikamwaga kibuyu chote cha mbegu sakafuni, bibi akiniita jina, nikarudi na kile kipande cha shaba nimekikumbatia. Nikatambaa chini ya mashua mpaka alipokuwa mama, amelala chali kwenye tope, kisigino chake amekigandamiza kwenye tundu, anatetemeka kwa baridi. Nikamnyooshea.

Alikitazama. Akanitazama. Alikichukua, akatoa kisigino, akakikaza maji yakimwingia puani na mdomoni, akakaza mpaka yakawa uzi, mpaka yakawa matone, mpaka yakakoma. Kisha akabaki amelala pale pale, anahema.

"Kwa nini, Mwanaidi?"

"Vitanda ni vitatu," nikasema.

"Vitanda gani?"

"Cha kwako, na cha baba, na cha Sefu. Mimi sina." Na hapo nikaangua kilio, nikamwambia yote, bahari na baba na bibi, bila mpangilio, kamasi na mvua vimechanganyika.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nangoja kofi, na lingekuwa haki yangu. Badala yake alinivuta kwa shingo akaniweka kifuani pake, kwenye nguo iliyolowa. "We mtoto," akasema. "Baba yako nikimtaka, nitamfuata kwa miguu. Ninunue chuma chote hiki kwa ajili ya mwanamume? Nina wazimu?" Mama Zuhura, aliyekuwa ameinama kuchungulia, akacheka mpaka akakaa chini kwenye maji. Lakini mama aliendelea kwa sauti ndogo, ya mimi tu. "Hiki ni chako. Nimekinunua urudi shule. Ukibaki unachota maji utakuwa kama mimi, na kesho tangazo likiwekwa, nani atatusomea?"

Mvua haikukaa sana. Ilipokatika, mama alipanda ndani akapima: maji yalimfika magotini, wakati yangeweza kuwa kiunoni. Niliona aibu, na mpaka leo naiona. Akachukua mkaa, akachora mstari ukutani mwa chuma palipoishia maji, wakafunika kwa tanga. Mwenyekiti akasema hicho ni kidimbwi cha bata. Mama akamwambia aje kesho asubuhi na macho yake mawili.

Alikuja. Mama akafunua tanga mbele yake, na maji yalikuwa yametulia juu ya ule mstari wa mkaa, hayajashuka hata unene wa ukucha, safi mpaka vile vitanda vitatu vinaonekana chini yake. Mwenyekiti alitazama muda mrefu, kisha akaomba kikombe. Akanywa. Hakusema habari ya majembe tena. Kabla wiki haijaisha mvua ilinyesha mara tatu, na kila mara mama hakutoka chini ya ile mashua mpaka amekishika kizibo kwa mkono wake. Mara ya tatu maji yalifika mlangoni yakafurika. Kaya tisa zilikunywa humo kiangazi kile, na viangazi vingi baada yake, mpaka bomba lilipofika kijijini. Siku ile ya bomba nilikuwa nimekwisha olewa, ninafundisha Kabuku, na sikujua kwamba mama alitambaa chini kwa mara ya mwisho akakifungua kizibo akakiweka sandukuni. Hakuwahi kumweleza Sefu. Hakumweleza mtu.

Zikiwa zimebaki siku mbili shule ifungwe, aliniamsha mapema. Sare alikuwa ameifua kwa maji ya mashua, na kwa mara ya kwanza tangu tuhamie ilikuwa nyeupe, haina rangi ya bwawa. Akanipa daftari langu la zamani. Hakunisindikiza. Alisimama mlangoni, Sefu mgongoni, bibi akiuliza kutoka ndani kama nimekwisha ondoka.

Nikashika njia. Wenzangu walikuwa mbele, nikakaza mwendo niwafikie, shingo wima, nimetazama mbele. Nilikuwa nimefika karibu na ghala niliposikia sauti ya mama nyuma yangu, kali, kijiji kizima kikisikia:

"Mwanaidi! Shusha mkono huo! Umeshika ndoo ya nani?"

Nikatazama. Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu, kichwani, umeshika hewa.